Kabati la Mwalimu Pembetatu

Mwalimu alipohamia kwa mwanawe, chumba alichopewa kilikuwa hakijaacha kuwa stoo. Sauti, mkaza mwana wake, alikuwa ametoa humo ndoo, feni mbovu na baiskeli isiyo na tairi, akapiga deki mpaka sakafu ikang'aa, lakini hakuwa na cha kuweka badala yake isipokuwa godoro. Mzee akalala chini, juu ya godoro lililokuwa bado linanuka plastiki, na nguo zake zikabaki kwenye mabegi yaliyopangwa ukutani kama abiria waliokosa gari.

Sauti halikuwa jina la kuzaliwa. Alilipata kazini, idara ya maji, kitengo cha huduma kwa wateja, ambako kutwa alikuwa amevaa spika za masikioni akiwatuliza watu ambao mabomba yao yamekauka. Walipiga simu wamefura, wakakata simu wamesahau walichokuwa wanakasirikia. Mumewe alikuwa fundi wa lifti. Miezi hiyo alikuwa mji mwingine, kwenye jengo refu lililokuwa likimaliziwa, na alirudi nyumbani mwisho wa wiki tu. Siku nyingine zote nyumba ilikuwa ya Sauti na baba mkwe wake, na jambo hilo lilimweka roho juu. Hakujua aongee naye nini. Hakujua amsaidie kiasi gani, na wapi aache.

Mwalimu alikuwa amefundisha hesabu maisha yake yote. Wanafunzi walimwita Mwalimu Pembetatu, kwa sababu alichora pembetatu ubaoni bila rula na hakuna mjuaji yeyote darasani aliyewahi kuikuta na kasoro. Kisha presha ya macho ikaanza kumnyang'anya nuru kidogo kidogo, kwanza pembeni, halafu katikati, mpaka likabaki giza. Akaenda kuishi kwa bintiye mkubwa, wifi yake Sauti, mwanamke mwenye moyo mpana na mikono isiyotulia. Huyo alimfunga vifungo vya shati. Alimtilia dawa kwenye mswaki. Alimkatia mkate vipande vidogo kama wa mtoto. Siku moja mzee akasema kwa upole kwamba angependa kubadili hewa. Hakuna aliyegombana na mtu. Ila wifi alipomleta, alimvuta Sauti kando, jikoni.

"Usimwache afanye kitu peke yake," alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba, wifi yangu. Juzi alitaka kujipashia chai, nusura ajiunguze."

Sauti akaahidi. Kwa hiyo alipochukua likizo ya siku moja ili aende kwenye lile duka kubwa la fanicha nje kidogo ya mji, alikusudia kwenda peke yake na kurudi na kila kitu. Alikuwa ameshafika mlangoni mzee alipoita kutoka mezani.

"Leo umevaa viatu vya raba. Unakwenda mbali?"

"Naenda duka la fanicha, Baba. Nikuletee kitanda na kabati."

"Kitanda hicho atakilalia nani?"

"Wewe, Baba."

"Basi ningoje nivae koti."

Duka lilikuwa kubwa kama uwanja wa mpira uliowekewa paa. Ndani yake walikuwa wamejenga vyumba vya kulala visivyo na mwenyewe, vimepangwa ubavu kwa ubavu, kila kimoja na kitanda kilichotandikwa, taa inayowaka, zulia dogo na vitabu ambavyo ukivivuta unakuta ni boksi tupu. Watu walitembea humo wakinong'ona, kama waliokaribishwa kwenye nyumba ambayo wenyewe hawapo. Sauti alikuwa amemshikia mzee kiwiko, akimsomea bei, na bei zenyewe zilimpa moyo. Alikuja akijiandaa kuumia. Akakuta vitu ambavyo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuvitazama bila kuinamisha kichwa.

Mwalimu hakutaka kusomewa bei. Aliomba apelekwe kwenye kitanda, akakipapasa mchagoni, akashuka na mkono mpaka miguuni, akapiga magoti akashika tendegu na kulitikisa. Kisha akavua viatu, akavipanga sambamba, akapanda na kulala chali mikono kifuani.

Sauti alihisi uso ukimwaka. Mume na mke waliokuwa wakipita na toroli walisimama kutazama.

"Baba, watu wanatuona."

"Mimi siwaoni," alisema Mwalimu, na akageuka ubavu kujaribu upande wa pili.

Mhudumu mmoja, mama wa makamo mwenye beji kifuani, alikuwa akija moja kwa moja upande wao. Sauti akaanza kupanga maneno ya kuomba radhi. Yule mama akasimama kando ya kitanda, akainama kidogo.

"Shikamoo, mzee. Hicho ni kigumu kidogo. Kipo kingine pale, chaga zake zinabonyea vizuri zaidi. Nikupeleke?"

"Marahaba. Nipeleke. Na uniambie, pembe zake ni kali au wamezizungusha? Mimi goti langu ndilo hukutana na kitanda kabla yangu."

"Zimezungushwa."

"Huyo aliyezizungusha ana akili."

Wakazunguka chumba hadi chumba. Mzee alivilalia vitanda kadhaa, akafungua droo na kuzifunga akisikiliza jinsi zinavyoteleza, akafungua milango ya makabati na kuiachia ili ajue inarudi polepole au inajibamiza. Sauti alikuwa amelipenda kabati moja lenye mlango wa kioo kizima, la kifahari, na bei yake haikuwa mbaya. Akamwongoza mkono mzee auguse.

"Kioo," alisema Mwalimu. "Sasa nitakuwa namtazama nani humo?"

Sauti hakujua kama inafaa kucheka. Akautazama uso wa mzee, akaona pembe ya mdomo imepanda kidogo, na hapo kicheko kikamtoka chenyewe, kikubwa, mpaka yule mhudumu naye akaambukizwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwao kucheka pamoja, yeye na baba mkwe wake, tangu aolewe.

Kabati alilolichagua Mwalimu lilikuwa jeupe, la kawaida kabisa. Halikuwa na vishikio. Badala yake, kwenye kila mlango na kila droo walikuwa wamechonga mkato laini ambao vidole viliangukia vyenyewe. Alipitisha mkono juu yake mara nyingi.

"Hili," alisema mwishowe. "Mkono wangu hauna haja ya kulitafuta."

Walipofika chini, kwenye ghala lenye rafu zinazofika darini, Sauti na mhudumu walivuta maboksi bapa na kuyalaza juu ya toroli. Mwalimu alisimama akisikiliza. Kisha akaomba kuonyeshwa kabati lake liko wapi, wakamwekea mkono juu ya boksi lisilofika hata gotini kwa unene. Akaligonga. Akalipima kwa shubiri kutoka huku mpaka kule. Uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyekutana na rafiki wa ujanani.

"Lile kabati lote limo humu?"

"Lote, Baba. Tunaliunga wenyewe nyumbani."

"Wamelikunjua," alisema. "Nilikuwa nafungua maboksi ya chaki darasani, nayalaza mezani bapa, nawaambia watoto: haya, huu ndio mchemraba ukiwa umelala. Hawakuniamini. Na kumbe kuna watu wameketi mahali wakalaza kabati zima."

Alizungumza habari hiyo njia nzima, na dereva wa gari la mizigo waliyemkodi akawa anaitikia kwa adabu.

Mpango ulikuwa kumsubiri fundi wa lifti arudi Jumamosi aje aunge. Maboksi yaliegemezwa ukutani chumbani, Sauti akaenda kupika chakula cha mchana. Aliporudi alimkuta Mwalimu amekaa sakafuni juu ya mto, miguu ameinyoosha, boksi moja ameshalichana kwa ufunguo wa nyumba.

"Baba, mume wangu alisema tumsubiri."

"Mwanangu, nimelala chini vya kutosha. Mikono ninayo. Macho unayo wewe. Tunakosa nini?"

Sauti alikumbuka ahadi aliyompa wifi yake. Alitazama ile mifuko midogo ya skrubu, vijiti vya mbao na vyuma asivyovijua, akaona kijasho chembamba kikimtoka. Lakini mzee alikuwa ameshakunja mikono ya shati, na sura yake haikuwa ya mtu wa kuambiwa ngoja. Akaketi naye.

Kijitabu cha maelekezo hakikuwa na neno hata moja. Kilikuwa na picha tupu, na mwanzoni kimtu kinene kinachotabasamu, kimeshika bisibisi.

"Sasa," alisema Sauti, "hii inaingia hapa, halafu ile inakuja huku."

Mwalimu alingoja. "Hii ipi?"

"Hii."

"Na huku ni wapi?"

Sauti akakigeuza kijitabu. Alijaribu tena, na mara nyingine tena, na kila alipojaribu alijikuta anaonyesha kwa kidole. Ilimkera, maana kazi yake ndiyo hiyo, kuwaeleza watu vitu wasivyoviona. Kumbe kwenye simu mteja alikuwa na bomba lake mbele yake. Hapa bomba lenyewe lilikuwa kwenye picha, na picha aliiona yeye peke yake.

"Tukubaliane kwanza," alisema Mwalimu, na sauti yake ikawa ya darasani. "Kila ubao ulale mbele yangu. Upande unaogusa magoti yangu ni kusini. Wa mbali ni kaskazini. Mkono wa kulia mashariki, wa kushoto magharibi. Ukisema huku, sisikii kitu. Ukisema kaskazini, nakwenda."

Wakatoa mabakuli jikoni, skrubu fupi bakuli hili, ndefu lile, vijiti kwenye kikombe. Mzee alitia vidole katika kila bakuli mara moja, akakariri mpangilio. Wakaanza na kitanda.

"Ukingo wa mashariki una matundu," alisema Sauti. "Kijiti kinaingia tundu la pili kutoka kusini. Sukuma. Sasa chukua ile skrubu nene, iweke kwenye tundu linalofuata, zungusha kuelekea kulia. Taratibu. Endelea mpaka ikatae."

Bila kujua, alikuwa amerudia sauti yake ya kazini, ile ya pole, isiyokimbia.

"Hapo sasa," alisema Mwalimu akizungusha. "Ndiyo maana wanakulipa mshahara."

Sauti aliona haya, akainamia kijitabu. Hakuwahi kusifiwa na baba mkwe wake. Hakujua hata kama mzee alikuwa anajua anafanya kazi gani.

Kitanda kilisimama upesi kuliko alivyotarajia. Kilichomshangaza ni vidole vya mzee. Havikupapasa ovyo. Vilikwenda ukingoni, vikafuata ukingo, vikahesabu matundu, vikasimama. Na kila kipande kilipokutana na mwenzake na kukaa sawasawa, bila kulazimishwa, Mwalimu alitoa mguno mdogo wa raha.

"Unajua," alisema akiwa amepumzika, mkono juu ya ubavu wa kitanda, "karatasi yao hawakunifikiria. Lakini matundu wamenifikiria. Mtu aliyetoboa haya alijua kuna mwenzake mahali fulani atakayeyatafuta bila kuona vizuri. Hayaachi nafasi hata kidogo. Kijiti kinaingia kama kilizaliwa humo."

Kabati ndilo lililowatoa jasho. Walikuwa wameunga ubavu na ubavu, juu na chini, Sauti akiwa ameshaanza kujisikia fundi, ndipo ulipofika wakati wa kutelezesha ubao mwembamba wa mgongoni. Ukagoma. Akasukuma, ukagoma. Akaugeuza, ukagoma vilevile. Akarudi kwenye picha, akaitazama kwa makini, na moyo ukamwanguka.

"Kimekwama nini?" aliuliza Mwalimu.

Mzee akajongea kwa magoti, akapitisha kidole kwenye ukingo wa nyuma wa kabati, polepole, kisha akazunguka kwenye ukingo wa mbele.

"Mfereji wa kupitishia ubao uko mbele," alisema. "Ubavu huu tumeugeuza."

"Mimi ndiye niliyeugeuza, Baba. Nilikusomea vibaya." Machozi yalimlenga. "Tulifungue lote tena. Ningemsikiliza mume wangu tukangoja."

"Kwani tumetia gundi?"

"Hapana."

"Basi tulilaze tena, kama yale maboksi ya chaki." Alikuwa ameshashika kile kijifunguo cha chuma kilichopinda kilichotoka kwenye boksi. "Mwanafunzi aliyenifurahisha kuliko wote hakuwa yule anayepata jibu mara ya kwanza. Alikuwa yule anayefuta bila kulia. Skrubu hii kushoto, sivyo?"

"Kushoto, Baba," alisema Sauti, akapangusa macho kwa mgongo wa mkono.

Walikuwa wanagonga vijiti upya simu ya Sauti ilipolia. Alikuwa wifi yake. Aliweka spika kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa, akajuta papo hapo.

"Baba hajambo?" wifi aliuliza. "Mbona nasikia nyundo? Umeleta fundi?"

Sauti alimtazama mzee. Nyundo ilikuwa mkononi mwake.

"Ni Baba anayegonga, wifi. Tunaunga kabati lake."

"Baba ana nyundo?"

"Ninayo," alisema Mwalimu. "Nina shughuli kidogo, binti yangu. Nitakupigia nikimaliza. Na vidole vyangu vyote ninavyo, usihangaike."

Akaendelea kugonga. Sauti aliizima ile simu, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko alichokuwa anakizuia.

Jua lilikuwa bado juu ya mapaa kabati liliposimama. Waliliinua pamoja, Sauti akihesabu, mzee akisukuma kwa bega, likaenda wima bila hata kulia. Milango ikafungwa kwa bawaba zake. Droo zikaingia kwenye reli zikateleza hadi ndani, zikasimama kwa mguso laini. Mwalimu alizifungua na kuzifunga, moja baada ya nyingine, kisha akaingiza mkono ndani ya kabati na kuushusha kutoka juu hadi chini. Sauti alikuwa amesimama mlangoni, amechoka, vumbi la mbao limemjaa kwenye nywele. Ghafla akaelewa jambo ambalo hakuliwaza dukani. Mtu angemletea mzee kabati lililokwisha kuungwa, lingekuwa kitu kigeni kilichosimama gizani, cha kuzoewa kwa kugongana nacho. Hili alikuwa amelijua kuanzia ndani. Alijua kila skrubu ilipojificha. Alijua hata lilivyo likiwa limelala.

"Limebaki la ukutani," alisema Mwalimu. "Kuna vyuma vya kulikamata lisianguke. Hivyo vinataka kutoboa ukuta, na ukuta tumwachie fundi wa lifti, asije akasema tumemnyima kazi."

Fundi wa lifti alikuja Jumamosi na mashine ya kutobolea aliyoazima kazini, na pima maji mfukoni. Alisimama katikati ya chumba akageuka pande zote. Alikuwa amekuja amejiandaa kupoteza siku nzima sakafuni. Akaweka pima maji juu ya kabati, akaitazama. Akaiweka kwenye kitanda, akaitazama tena. Alikuwa mtu wa kazi zinazobeba roho za watu, na hakuwa mwepesi wa kusifu.

"Mlango wa kushoto umeshuka kidogo," alisema hatimaye.

"Najua," alisema baba yake kutoka kitandani. "Ni bawaba ya juu. Nilikuwa nakungoja uniambie ili nijue kama unaona."

Fundi akamtazama mkewe. Sauti akainua mabega, akaenda zake jikoni akitabasamu, na nyuma yake akasikia wanaume wawili wakibishana kuhusu bawaba, yule mmoja akisoma skrubu kwa macho na mwingine kwa kidole gumba. Kisha mashine ikanguruma, vyuma vikaingia ukutani, kabati likashikwa barabara.

Wifi alifika Jumapili, na mfuko wa vyakula kila mkono. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akaona lile begi moja lililobaki bado wazi, akainama kuanza kukunja nguo za baba yake.

"Liache," alisema Mwalimu. "Kaa pale nikuonyeshe."

Akamketisha kitandani. Akaenda kwenye kabati bila fimbo, vidole vikaangukia mkato wa mlango, ukafunguka. Mashati ya mikono mirefu upande huu, aliyaonyesha, na ya mikono mifupi upande ule. Droo ya juu soksi. Ya chini sweta, kwa kuwa hazihitajiki mara kwa mara. Akafunga kila kitu na kugeuka. Alikuwa amevaa shati lililofungwa vifungo vyote, kila kimoja kwenye tundu lake.

Wifi alibonyea juu ya kitanda mara moja, mara mbili, kana kwamba anatafuta kasoro ya kusemea. Sauti alikuwa amesimama na sinia la chai, na alimwona wifi yake akimeza kitu ambacho si mate.

"Hiki kitanda kimetulia," wifi alisema. "Mlikinunua wapi? Cha kwangu kinalia kila nikijigeuza, mpaka majirani wanajua nimelala ubavu gani."

"Nitakupeleka," alisema Mwalimu, akipokea kikombe chake. "Kuna mama mmoja pale anajua kazi. Ila utavua viatu na ulale mbele za watu, usije ukaniaibisha. Na wa kutusomea picha awe huyu huyu."

Wifi akamgeukia Sauti. "Utapata likizo lini?"

"Nitaomba kesho," alisema Sauti, akasogeza sukari karibu na mkono wa mzee, kisha akaiacha hapo aitie mwenyewe.